Meno ya Maua

Haya yalimpata shoga yangu Chiku wa Kihurio, wala sijatia chumvi.

Chiku aliolewa na Salehe baada ya Maua, mke wa kwanza, kufariki. Lakini pete ya marehemu haikutoka mfukoni mwa Salehe. Siku ya harusi yake na Salehe, Maua aliing'ata mbele za watu, eti apime kama ni dhahabu kweli, na kila jioni Salehe alikaa akizipapasa zile alama mbili za meno. Wivu ukamla Chiku. Akaiiba, akaaga anakwenda Same kununua kanga, akaishia kwa sonara.

"Isafishe mpaka asibaki mtu ndani."

"Mtu, mama?"

"Uchafu, baba. Nimesema uchafu."

Sonara alifunga mlango mchana kweupe, maana rangi ya moto huonekana vizuri gizani. Pete ikayeyuka, unga wa boraksi ukavuta taka juu, akaziengua. Kisha akaitia kwenye tindikali ili shaba iliyojificha iliwe. Tindikali ikageuka kijani, ikatokota chwi, chwi, chwi. Iliponyamaza, Chiku akasikia meno yakigongana gizani.

"Unasikia baridi, mama?" sonara akauliza.

Chiku alikuwa amefumba mdomo.

Dhahabu iliyobaki chini kama tope, sonara akaiyeyusha tena, akafua pete mpya, akaing'arisha hadi ikateleza kama yai. Chiku akaivaa, akatoka juani akicheka, akainua kidole aringe nacho.

Alama mbili za meno zilikuwa palepale, nazo zimelowa mate.