Ramani Nzima ya Bustani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimsaidia bibi yake kupanga nguo za wateja. Nyeupe huku, za rangi kule, mashuka peke yake. Bibi alikuwa dobi, kama alivyokuwa mama yake Chiriku, na nguo zote zilifuliwa nyuma ya nyumba, kwenye karo la saruji ambalo mama alilijenga kwa mikono yake mwenyewe.

Jina la Chiriku alipewa alipokuwa mdogo, kwa sababu mdomo wake ulikuwa haupumziki. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na jina hilo lilikuwa limempwaya. Mama yake alikuwa amefariki miezi minne iliyopita. Majirani walimngoja alie, wakangoja wakachoka. Hakulia, hakukasirika, hakucheka. Alikula alichopewa na kujibu alichoulizwa, basi. Umewahi kulalia mkono ukafa ganzi? Chiriku alikuwa hivyo mwili mzima.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na bustani ya umma, yenye nyasi, viti vya mbao na uwanja mdogo ambao watoto wa shule waliuchezea. Asubuhi moja watu waliamka wakakuta uzio wa mabati umesogea na kumeza goli moja. Upande ule kulikuwa na gereji, na fundi mwenye gereji alisema eneo ni lake tangu aliponunua. Wengine walisema ni mwongo. Wengine walisema waachane naye, asije akawageuzia kibao.

Darasani mwalimu wa uraia aliwaacha wanafunzi wabishane hadi wakaishiwa maneno.

"Kila mtu anasema lake," alisema. "Bustani ni mali ya umma, na mali ya umma huandikwa. Ramani yake iko ofisi za jiji, na raia yeyote anaruhusiwa kuiomba. Nani atakwenda?"

Wote waliangalia viatu vyao. Chiriku aliinua mkono. Hakufanya hivyo kwa ushujaa. Kwenda na kubaki kwake vilikuwa sawa tu.

Jumanne alasiri alikuwa mbele ya dirisha la masjala ya jiji, chumba cha kutunzia kumbukumbu, akiwa na barua ya darasa. Karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliisoma akatikisa kichwa.

"Mmeandika mnaomba habari za bustani. Mwanangu, jiji hili lina bustani kumi na saba. Habari zipi? Nani alipanda miti? Nani hufyeka nyasi? Niambie bustani ipi, mtaa gani, karatasi gani."

"Karatasi inayoonyesha mpaka."

"Hiyo inaitwa ramani ya upimaji. Kaandikeni hivyo hivyo."

Kesho yake alirudi na barua nyingine. Karani aliigonga muhuri wa kupokelewa na kumwambia aje baada ya siku saba. Siku ya saba ilikuwa Jumatano. Chiriku alifika, akaambiwa jalada halionekani.

Kwenye benchi walikuwapo watu wengine waliokosa karatasi zao. Mmoja alifoka, mwingine alipiga meza, wote wakaondoka. Chiriku aliketi. Saa moja ikapita, kisha nyingine.

"Bado upo?" karani aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Hukuchoka?"

Chiriku alilifikiria swali lile. "Sijui," alisema.

Karani alivua miwani, akamtazama kitambo. "Njoo unishikie ngazi."

Chumba cha ndani kilikuwa na rafu hadi darini. Walitafuta kwenye rafu ya bustani, hawakuona kitu. Walilikuta jalada mwishoni kabisa, limechanganywa na majalada ya makaburi. Chiriku alilisoma neno hilo kwenye kibandiko, akaendelea kushika ngazi.

Karani aliitandaza ramani mezani. "Mstari huu mnene ndio mpaka. Sentimita moja hapa ni mita tano kule. Una rula?"

Chiriku alipima upande wa gereji, kutoka mpaka hadi pale uzio mpya ulipopita, mbele tu ya goli lililomezwa. Fundi alikuwa ameingia mita sita. Kisha akahamisha rula upande wa pili, kwenye kona yenye nyumba yao. Mstari mnene ulipita karibu na mlango wao wa nyuma. Alihesabu hatua za pale kichwani, akapima tena. Karo la mama lilikuwa ndani ya bustani, lote.

"Mama, naweza kupata nakala ya upande wa gereji peke yake?"

"Mimi natoa nakala ya ramani nzima, na muhuri wangu unathibitisha ramani nzima," karani alisema. Hakumuuliza kwa nini. "Ukishatoka mlangoni, kuikunja ni kazi ya mikono yako."

Chiriku aliikunja. Nyumbani aliubandika ule upande wa gereji kwenye kadibodi, upande wa pili ukabaki umelazwa nyuma.

"Umeipata?" Bibi aliuliza, akikamua shuka.

"Nimeipata. Fundi ameingia mita sita."

Hakusema uongo. Hata hivyo, jioni ile aliacha nusu ya chakula chake. Kwa miezi minne hakuna kitu kilichokuwa kimemsumbua, na sasa kipande cha karatasi kilichokunjwa kilimkosesha raha siku mbili mfululizo.

Jumamosi, ofisa wa bustani wa jiji, aliyeitwa na mwalimu, alikuja na utepe wa kupimia. Walikuwapo mwalimu, Bibi, majirani, na fundi mwenyewe, mtu wa miraba minne mwenye mikono iliyojaa oili. Ofisa alishika kadibodi, akapima. Mita sita kamili.

Fundi alikuna kichwa. "Aliyeniuzia ndiye aliyenionyesha eneo langu linafika wapi. Sikukusudia kuiba. Kama karatasi inasema vingine, nitarudi nyuma. Ila naomba jambo moja, mwalimu. Hii karatasi iwe ya wote, siyo ya gereji peke yake."

"Ni ya wote," mwalimu alijibu.

Chiriku aliomba apewe kadibodi. Aliibandua karatasi polepole, ikachanika kidogo ukingoni, akaikunjua.

"Kuna upande mwingine," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Karo letu liko ndani ya bustani. Niliukunja mimi."

Bibi aliichukua ramani, akaishika mbali na macho kama wafanyavyo wazee.

"Ulijua tangu lini?"

"Jumatano, Bibi."

"Hili ni karo la mama yako."

"Najua."

Bibi alimrudishia ofisa ile karatasi. "Basi na sisi tutarudi nyuma," alisema.

Ofisa alizipa pande zote mbili mwezi mmoja. Fundi hakungoja, jioni ile ile aling'oa mabati yake. Asubuhi iliyofuata alibisha hodi kwa Bibi akiwa na vijana wake wawili, mitaimbo, winchi na mabomba ya chuma.

"Mama, hilo karo halivunjwi," alisema. "Kama tunanyanyua injini za malori, tutashindwa na hili?"

Walilichimbua, wakaliviringisha juu ya mabomba hadi uani, karibu na ukuta. Kona moja ilimeguka. Fundi aliiziba kwa saruji.

Saruji ilipokauka, Bibi na mjukuu wake walisimama mbele ya karo.

"Ulifanya makosa kuificha," Bibi alisema. "Ningekukasirikia sana kama ungeendelea. Tungemtoa fundi kwa karatasi ile ile tunayoikiuka sisi, kisha kila siku ningefulia hapo nikijificha macho ya watu. Mama yako alijenga pale kwa kutojua. Sisi tumeshajua, na mtu akishajua ukweli hana ruhusa ya kuchagua nusu inayompendeza. Umechelewa siku tatu, lakini umeusema mwenyewe, bila kubanwa. Hilo nitalikumbuka."

Chiriku alifungua bomba, akatumbukiza mashuka, kisha mikono yake hadi viwikoni.

"Bibi," alisema, "maji ni ya baridi sana."

"Ni ya baridi siku zote, mjukuu wangu."

Chiriku hakuitoa mikono yake. Machozi yalianza kumtoka, machache kwanza, kisha mengi. Bibi hakumwambia anyamaze. Alisogea karibu, akashika ncha ya pili ya shuka, wakalikamua pamoja.