Sauti Isiyovuta Pumzi

Alhamisi, tarehe 17 Februari 1972, saa kumi jioni, umeme ulikatwa mjini Wells kama ilivyotangazwa, maana wachimba makaa ya mawe walikuwa kwenye mgomo. Edith Vowles alikuwa jikoni akimenya viazi. Aliwasha mshumaa, akarudia viazi vyake. Ndipo alipogundua kwamba kinanda cha mwanawe kule sebuleni hakijanyamaza.

Clive alipiga roki na wenzake, zile nyimbo ndefu zisizokwisha. "Wimbo wenu mmoja," Edith alizoea kumwambia, "naanza kumenya viazi, vinaiva, tunakula, nanyi hamjafika kwenye maneno."

"Afadhali sisi, Mama. Nyimbo za Lorna, watungaji wake wote walikufa kwa tauni."

Lorna, dada yake, aliimba kwenye kwaya ya kanisa iliyoshika nyimbo za Kilatini za kale. Kinanda cha Clive kilikuwa na utepe wa kurekodia chini ya kila kitufe. Ukibonyeza, utepe unavutwa, sauti inatoka. Baada ya sekunde nane utepe umekwisha na sauti inakatika. Clive alikuwa ameondoa tepe za zamani na kutia zenye sauti ya dada yake, aliyemwimbia noti moja moja. Mwezi wa Novemba pumu ikamchukua Lorna. Picha zilibaki, nguo zilibaki, lakini sauti yake haikuwako mahali pengine popote duniani.

"Clive, hebu pumzika kidogo," Edith aliita.

"Nipumzike nini?" Clive alikuwa nyuma yake mlangoni, mikono mfukoni. "Nilidhani ni wewe unaimba, Mama."

Wakatazamana.

"Kina betri?" Edith alinong'ona.

"Hakina."

Ilikuwa sauti ya Lorna, noti moja nyororo, nayo ilipita sekunde nane, ikapita dakika. Walipoingia sebuleni, chumba kilijaa harufu ya utambi uliozimwa, na mshumaa mkononi mwa Edith bado ulikuwa unawaka.

Clive alitaka kukitoa nje kinanda. Mama yake akamshika mkono. "Usimguse. Amerudi nyumbani."

Tangu hapo, kila umeme ulipokatwa, Edith alikaa sebuleni akisikiliza gizani. Misani hakwenda tena. Clive naye akaanza kukohoa, yeye ambaye hakuwahi kuugua kifua.

"Mama, lile dude halinipendi."

"Usimwite dada yako dude."

Jioni moja vitufe vilianza kushuka vyenyewe, viwili, vitatu, kisha vingi, sauti ikawa wimbo mzima wa Kilatini, na Edith, aliyekuwa akitikisa kichwa polepole kwa raha, akaanza kungoja ule mlio mwembamba ambao Lorna alikuwa akivuta nao pumzi tangu utotoni, mlio aliouzoea hata usingizini, akangoja mwisho wa mstari na mwisho wa mstari mwingine, na wimbo ukaendelea bila pumzi hata moja, hadi mlio wenyewe ukasikika, si kwenye kinanda bali nyuma yake, sakafuni, kifuani mwa Clive, na kila sauti ilipopanda yeye alizidi kuishiwa pumzi.

Edith alikimbia hadi nyumba ya jirani, kwa Padre Loveridge, ambaye alikuja na maji ya baraka, bado amevaa ndara.

"Padre, ni Lorna wangu."

"Mama Vowles, marehemu hawaibi pumzi za ndugu zao. Hilo ni jini. Limevaa sauti ya mtoto wako, kama mwizi anavyovaa koti la mwenye nyumba."

Alisali, akanyunyiza maji. Sauti ilishuka, lakini haikuondoka. "Vazi lake bado lipo," Padre alisema chini chini. "Na wewe unayelishikilia ndiwe wa kulivua."

"Sumaku," Clive alisema kwa shida. "Ya spika. Inafuta tepe."

Edith alifungua kinanda, akapitisha tepe juu ya sumaku, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja ulipofutika, noti moja ilitoweka kwenye wimbo.

"Mama," sauti ikasema, "utanisahau."

Mikono yake haikusimama. Ulipobaki utepe mmoja, Clive mwenyewe akamshika gauni.

"Huo uache. Anacheka mwishoni."

Edith aliujua ule utepe. Lorna alikuwa amemaliza noti, akacheka kidogo, na Clive hakukifuta kicheko hicho. Alimtazama mwanawe. Midomo yake ilikuwa ya bluu.

Akaupitisha.

Nyumba ikanyamaza. Clive alivuta pumzi ndefu, akaanza kulia. Padre alipiga magoti kwenye zulia, Edith akafanya vivyo hivyo karibu yake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akamwombea binti yake kama mtu aliyekufa:

"Ee Mungu, mpokee Lorna wangu, pamoja na wote waliotangulia ambao sisi hatuwezi tena kuzikumbuka sauti zao. Wewe uwasikie. Amina."