Siku Kasuku Aliponyamaza

Fundi viatu alikuwa na binti mmoja tu. Watu walimwita Kasuku, kwa sababu alijua kuiga kila mtu. Mama yake alifariki akiwa bado mdogo, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili. Lakini ungepita nje ungedhani ndani mna watu kumi. Akiosha vyombo, Kasuku alikuwa mwalimu mkuu. Akifagia, alikuwa jirani mwenye mafua. Akikunja nguo, alikuwa mteja anayelalamika kwamba kiatu cha kushoto kimerudi kikiwa kidogo kuliko cha kulia.

"Wewe mtoto utanivunja mbavu!" baba yake alisema kila siku.

Kasuku alikuwa darasa la saba. Alitaka kitu kimoja tu maishani: kuigiza. Karibu na soko palikuwa na ukumbi ambamo kikundi cha maigizo kilifanya mazoezi. Alikuwa akipita pale na kuchungulia dirishani. Siku moja wakamwita ndani. Tangu siku hiyo, moyo wake ulihamia huko.

Asubuhi moja mwalimu wa darasa alifika kwenye kibanda cha fundi. Hakuleta kiatu.

"Fundi, umepona?"

"Kupona nini, mwalimu?"

"Wiki ya tatu sasa, binti yako haonekani darasani baada ya saa sita. Anasema unaumwa, anakwenda kukuuguza."

Fundi alikuwa mzima kabisa, nyundo mkononi. Saa sita ilipofika, alifunga kibanda akaenda ukumbini, mahali alipojua binti yake anapapenda. Alimkuta Kasuku jukwaani, amejifunga khanga, anaigiza bibi kizee. Alimshika mkono mbele ya watu wote akamtoa nje. Akamwongoza mpaka nyumbani.

"Kuanzia leo, maigizo basi," alisema.

"Baba, naomba..."

"Nimesema basi!"

Kasuku alitii. Alitii kupita kiasi. Alikwenda shule, akarudi, akaosha vyombo kimya. Nyumba ikawa kubwa ghafla. Fundi alikula akisikia meno yake mwenyewe yakitafuna.

"Jirani hajambo mafua yake?" alimchokoza siku moja.

"Sijui, baba."

Hata shuleni mambo hayakwenda. "Mwili uko darasani," mwalimu alimwambia fundi. "Mwenyewe hayupo."

Fundi alitamani kusikia zile sauti zote tena, hata ile ya mteja mlalamishi. Lakini alimwogopa yule Kasuku wa ukumbini, aliyedanganya na kuacha masomo. Hakujua ashike lipi.

Siku moja mwanamke mmoja wa makamo alileta kiatu kilichong'oka kisigino. Aliposema tu "Fundi, hujambo?", fundi aliacha alichokuwa akifanya. Sauti ile aliijua. Mtaa mzima uliijua. Alikuwa mwigizaji wa michezo ya redio, na watu walimwita Mama Redio.

Fundi hakuweza kujizuia. Alimsimulia yote, kisha akauliza, "Dada, wewe ndiyo kazi yako. Nimwache aigize, au asome?"

"Kwa nini uchague moja?" Mama Redio alivuta kigoda akakaa. "Sikiliza. Mimi niliacha shule darasa la tano. Nilipenda jukwaa kuliko chakula. Nikabahatika, sauti yangu ikapendwa. Lakini kusoma sikujua vizuri. Kila mchezo nilisomewa na mwenzangu, nami nikakariri. Asipokuja, nilisingizia macho yananiuma. Siku moja nikaletewa mkataba, nikaweka dole gumba. Kumbe nimekubali sauti yangu itumike miaka kumi bila kuulizwa! Nilikuwa nikijisikia redioni nikisifu sabuni inayoniwasha mwili."

Fundi alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

"Nilijifunza kusoma nina miaka arobaini na mbili," Mama Redio aliendelea, "katika darasa la watu wazima. Siku niliposoma mchezo mzima peke yangu, nililia. Niliwaza michezo yote iliyonipita."

"Sasa nifanye nini?"

"Ulimkataza. Je, ulikaa naye mkazungumza?"

Fundi aliinamia kile kisigino kilichong'oka.

"Zungumza naye kwanza. Kisha kaeni na mwalimu wake na kiongozi wa kikundi. Mazoezi yawe Jumamosi na wakati wa likizo. Kazi za shule zitangulie. Nenda ukumbini ujue anakaa na nani. Wakileta karatasi ya kusaini, isomeni mpaka mwisho, na msichokielewa muulize. Na mtu akimwambia mtoto aache shule ili aigize, huyo hamtakii mema."

Jioni ile fundi alimwita binti yake.

"Nilikosea kukuaibisha mbele ya watu," alisema.

Kasuku aliinamisha kichwa. "Na mimi nilidanganya kwamba unaumwa. Nisamehe, baba."

"Kwani ulisema naumwa nini?"

"Tumbo la kuendesha."

"Lo! Magonjwa yote ukaona hilo tu?"

Kasuku alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Wakakaa na mwalimu, wakakaa na kiongozi wa kikundi, wakakubaliana. Kiongozi hata aliona aibu. "Kosa langu," alisema. "Sikuuliza kama mtoto huyu ana vipindi mchana." Kasuku akarudi darasani, safari hii mwili na mwenyewe. Karatasi za mchezo alizisoma kwa sauti nyumbani. Neno likimshinda, alimwuliza mwalimu. Alama zake zikapanda.

Mwezi mmoja kabla ya mtihani wa mwisho, kikundi kilionyesha mchezo Jumamosi mchana. Watu walipiga makofi mpaka viganja vikauma. Baadaye mtengenezaji wa filamu alimfuata Kasuku, baba yake akiwa pembeni.

"Nakutaka kwenye filamu yangu," alisema. "Tunaanza Jumatatu, miezi mitatu. Shule utarudi baadaye."

Fundi alifungua mdomo, lakini Kasuku alimtangulia.

"Hamwezi kungoja likizo?"

"Hatuwezi."

"Basi siwezi. Nina mtihani."

Njiani alilia, na baba yake hakumnyamazisha.

"Inauma?"

"Inauma sana, baba."

"Najua, mwanangu."

Kasuku alifaulu mtihani, akaingia sekondari. Likizo ilipofika, kikundi kilimpa nafasi kubwa ya kwanza.

Ile filamu ilitoka mwaka uliofuata. Baba na binti walikwenda kuitazama. Nafasi aliyoikataa Kasuku ilichezwa na msichana mwingine. Walitoka wakashika njia ya nyumbani.

"Ameigiza vizuri," Kasuku alisema. "Lakini pale mwishoni, mimi ningelia polepole zaidi."

"Ungelia vipi?"

Kasuku alisimama katikati ya njia akamwonyesha. Mpita njia mmoja alishtuka.

"Mzee, umemfanya nini mtoto?"

"Sijamfanya kitu," fundi alijibu, huku naye akijifuta macho. "Anaigiza."