Kigoda cha Tofik Reli

Mtu akikusimulia habari za kibanda cha kahawa cha Momina, pale Dire Dawa, mwulize kwanza kama alikuwepo. Mimi nilikuwepo. Nilikaa karibu na birika kuliko mtu yeyote, na macho yangu hayajanidanganya hata siku niliyotafuna mirungi ya watu watatu.

Ilianza kwa harufu ya nyasi. Jua la mchana lilikuwa limeulaza mji mzima, Momina anamimina kahawa kabla ya mechi, ubani unafuka, na katika mji ule ambao hata uwanja wa mpira ni vumbi tupu, ikampiga puani harufu ya nyasi mbichi iliyochanganyika na dawa ya kuchua misuli. Akageuka kutazama kigoda cha mlangoni. Hakikuwa na mtu. Kikombe alichokijaza muda huohuo kilikuwa kikavu.

Kigoda kilikuwa cha marehemu Tofik, kiungo wa Karakana, timu ya mafundi wa treni. Walimwita Reli kwa sababu pasi zake hazikuacha njia. Tangu azikwe, mashabiki wakija kusikiliza mechi redioni, kikombe cha kwanza kati ya vile vitatu vya desturi kiliwekwa pale kwa heshima yake. Kisha Karakana inafungwa, nao wanainuka kwa hasira kabla ya kikombe cha tatu, kile cha baraka, ambacho mgeni asipokinywa hajaagwa.

“Kiungo gani huyu wa sasa?” alinung'unika siku hiyo Abdosh, mkubwa wa mashabiki. “Mkewe akimwomba chumvi, anampa jirani.”

Momina hakucheka. Wateja walikuwa wameanza kuhamia kwa jirani, wakisema kibanda chake kina mtu asiyeonekana, na kibanda kile ndicho kilichomlisha yeye na mama yake mgonjwa. Alimwomba Abdosh waondoe kigoda. Abdosh akakataa katakata: Tofik amerudi, timu itainuka.

Mechi iliyofuata, Karakana wakiwa wamekwisha fungwa, njumu zikasikika kwenye sakafu ya saruji, ko, ko, ko, zikipita nyuma ya migongo ya watu, zikisimama kwa kila mmoja kama anayehesabu wachezaji wake, zikaendelea mpaka kwa Abdosh, ambaye alifumba macho na kutabasamu huku machozi yakimtoka, na Momina akakichukua kile kikombe cha kigodani, akachungulia ndani, akaona sukari imeganda chini, ilhali yeye sukari ilikuwa imemwishia tangu juzi.

“Kaka Abdosh,” alinong'ona. “Tofik alikunywa kahawa kwa chumvi maisha yake yote.”

“Najua.”

“Basi huyu tunayemnywesha ni nani?”

Tabasamu likamfutika Abdosh. Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwita Mama Zeyba, mganga wa majini. Bibi yule alinusa mlango tu, akauliza ni nani anayekaribisha kwa kikombe cha kwanza halafu anakimbia bila kuaga. Akasema jini asiye na kwao amekaa, maana hakuna aliyemruhusu kuondoka. Dawa yake ni moja: mechi ijayo wote wakae mpaka kikombe cha baraka, timu ifungwe isifungwe.

Jamani, hiyo dawa ilikuwa chungu. Karakana walifungwa bao la kwanza kabla kahawa haijachemka. La pili, kiungo aliurudisha mpira nyuma, kipa akaukosa. Abdosh akainuka, Momina akamshika shuka aliyojitanda.

“Kaa, kaka. Ukitoka wewe, nafunga kibanda.”

Akakaa, anasaga meno. Bao la tatu akalisikiliza kichwa kikiwa katikati ya magoti. Kikombe cha mwisho kikawekwa kigodani, Mama Zeyba akamshukuru mgeni kwa upole kama anayemsindikiza mkwe, akamwambia amekunywa, amebarikiwa, aende kwa amani. Kahawa ikashuka taratibu kwenye kikombe mpaka ikakauka. Kisha njumu zikatoka mlangoni, zikafuata njia ya reli, zikapotea. Wateja wamerudi kwa Momina, na sasa hakuna anayeinuka kabla ya baraka.

Yote haya niliyaona. Moja tu nimelitia mwenyewe, ili mpate usingizi: zile njumu kutoka. Tulitega masikio mpaka mkaa ukazimika. Hatukusikia kitu.