Mahari ya Kuruthumu

Mnyororo wa baiskeli ya Uwesu ulinasa pindo la buibui mlangoni mwa soko la Kariakoo, watu wamejaa hata pa kukanyaga hapana.

"Usivute, bibie, utalichana," akasema, tayari kapiga goti.

"Basi fanya haraka. Watu wanatutazama."

Akazungusha pedeli kinyumenyume, taratibu, pindo likatoka zima ila limejaa grisi. Alingoja matusi. Msichana akainama kuutazama mnyororo.

"Mbona ukizungusha nyuma gurudumu haliendi?"

Uwesu, fundi wa gereji ya Ilala, hajapata kuulizwa hivyo na mwanamke. Akaeleza, na kabla hajamaliza alikwisha kupenda. Binti aliitwa Kuruthumu, wa Mzee Bakili, muuza vitambaa Mtaa wa Swahili.

Posa ikapokewa, mahari yakatajwa, Uwesu akaanza kudunduliza. Lakini alikuwa na kiu nyingine. Kufungua injini alikujua. Alitaka kusomea mitambo, ajue kwa nini injini inakwenda. Nairobi alikwisha ulizia, ada ya kule haikuwa ya fundi wa gereji. Ndipo chuo cha ufundi kikafunguliwa papa hapa mjini, masomo ya jioni, kwa ada anayoiweza. Anaiweza, ila kwa fedha za mahari, na nafasi zilikuwa zinakwisha. Mshika mbili moja humponyoka. Uwesu alishika mbili na zote zikawa zinateleza. Akalipa chuo, asimwambie mtu.

Kariakoo siri haikai. Kesho yake Kuruthumu alimngoja barabarani, shangazi yake Tatu kando.

"Umelipa chuo kwa mahari yangu?"

"Mpenzi, nilitaka..."

"Sikuulizi ulitaka nini. Nimeyasikia kwa watu, Uwesu. Kwa watu!"

"Niliogopa utakataa."

"Basi hujanijua."

Akaondoka bila kugeuka nyuma. Uwesu akabaki na uchungu ambao hata kazi haikuupunguza.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya ndoa. Alikwenda vivyo hivyo, kanzu nyeupe, mifuko mitupu, akasema kweli mbele ya wazee.

"Wako wanaoweza kulipa leo," alisema Mzee Bakili, ameshaanza kuinuka.

Mwalimu Ramadhan, aliyekuja kuozesha, akamzuia. "Mahari ni ya binti, Mzee Bakili. Aulizwe mwenyewe."

Bi Tatu akapita nyuma ya pazia. Kahawa ikapoa mikononi mwa watu. Uwesu alijua neno moja tu la mle ndani lingemtoa katika nyumba ile moja kwa moja. Haikurudi sauti ya Bi Tatu. Ilikuja ya Kuruthumu mwenyewe.

"Amenificha, na bado inaniuma. Fedha zake sizitaki. Mahari yangu ni haya: kila anachofundishwa chuoni jioni, akirudi anifundishe mimi, mpaka chuo kiishe."

"Mitambo?" Mzee Bakili akauliza. "Wewe?"

"Mwalimu, kufundishwa elimu si mahari halali?"

"Halali kabisa," akajibu Mwalimu, kicheko amekificha ndevuni.

"Na asipokufundisha?"

"Nitamdai, baba. Hata ule mnyororo hajamaliza kunieleza."

"Nimekubali," akasema Uwesu, naye hajaulizwa, wazee wakacheka.

Mzee Bakili hakucheka. Akaketi tena na kunyoosha mkono. Uwesu akaushika, na Mwalimu akaanza kuozesha.