Tundu la Uzio wa Mabati

"Delrose, ukiliziba hilo tundu, siku bunduki zikianza huyo mtoto atapita wapi?"

Aliyeuliza ni Bibi Icilda, jirani wa nyuma, ameegemea uzio upande wake. Ilikuwa Jumamosi njema, Kingston imetulia, supu ya maboga inachemka, na Nordia, binti pekee wa Delrose, anamenya ndizi mbichi huku akiimba wimbo wa kanisani. Delrose alikuwa na nyundo mkononi na misumari mdomoni.

Wenzangu, tundu lile lilikuwa la uchochoro mzima. Nyumba za upande wa Delrose ni za mbao, risasi inazipita kama sindano kwenye shuka. Ya Bibi Icilda ni ya matofali. Vijana wa mtaa wa pili wakija kupiga risasi, watoto wote walikimbilia humo. Lakini tangu kaka yake amletee friji kutoka ng'ambo, Delrose alimwona kila mtu mwizi.

Akaitema misumari kiganjani. "Atapita mlangoni, kama watoto wa watu. Kuku wako wamezoea kunya kwenye nguo zangu, na wajukuu wako wana mikono mirefu. Jana sabuni yangu ya kunukia imetembea."

"Labda imechoka kukusubiri uoge," alisema Bibi Icilda.

Nordia aliacha kuimba, akainamia ndizi zake. Mama yake akagongomea bati mpaka msumari wa mwisho.

Haukupita muda. Alasiri moja wale vijana wakaja, wanapiga bila kuchagua. Delrose alijitupa chini ya kitanda. Akasikia miguu ya Nordia ikitoka bombani, ikikata ua kukimbilia nyuma, kama alivyomfundisha tangu mdogo. Moyo ukamtulia. Ameshapita, alijisemea.

Kisha akasikia bati likigongwa.

Upande wa pili Bibi Icilda alikuwa akilivuta kwa mikono mitupu. "Sukuma, mwanangu. Sukuma."

Delrose alitambaa hadi mlangoni. Kizingiti hakukivuka, mbao zilikuwa zinachanika juu ya kichwa chake. Bati likagongwa tena mara moja, basi.

Kwenye matanga ya Nordia friji ilijaa soda za waombolezaji. Bibi Icilda alikuja na mikono imefungwa vitambaa.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye," Delrose alimwambia. "Alinilaumu?"

"Hapana." Bibi Icilda hakumtazama. "Alisema, 'Bibi, mwambie mama sabuni niliichukua mimi, afungue.'"

FUNZO

Ndugu zangu, wenye bunduki watajibu mbele za Mungu kwa risasi zao. Lakini ile misumari hawakuipiga wao. Tukijaliwa kitu kidogo, tusianze kumwona jirani adui. Huku kwetu polisi hufika tumeshafunika maiti. Anayefika kwanza ni huyo huyo mwenye kuku. Kabla hujamfungia mwenzio njia, angalia ni nani wako anayeitumia.

Mchungaji aliyasema haya haya siku ya mazishi, jeneza bado halijafungwa. Delrose, aliyekaa kiti cha mbele, akainuka, akavaa kofia yake, akapita katikati ya watu na kutoka nje.