Saa Tisa Mtandao Hukata

Waifai ya nyumba ile ilikuwa na adabu zake siku nzima, ila ikigonga saa tisa alasiri inakata. Nusu saa tu. Na nusu saa hiyo ndiyo Binti aliyoihitaji kuliko zote, maana ndipo mwalimu wa matamshi alipokuwa akimfundisha mama yake kusema upya, kupitia video. Kiharusi kilikuwa kimemfunga Mama ulimi. Mwanamke ambaye kicheko chake kilisikika nyumba ya saba, sasa anatazama tu.

Wiki nzima Binti alijaribu kila alichoelekezwa. Alizima, akahesabu mpaka thelathini, akawasha. Alibadilisha waya. Alivihamisha vikasha vyote vitatu vya waifai, cha sebuleni, cha jikoni na cha chumbani kwa Mama, kama anayebembeleza wageni wasioridhika. Wapi! Saa tisa, taa nyekundu. Hata simu yake, bando au bila bando, ilizimika saa hiyohiyo. Na siku mbili hizi taa nyekundu ilikuja na harufu ya nywele zilizoungua.

Fundi alifika saa tisa kasoro dakika tano, mkoba begani, mdomo haukai.

"Dada, hivi vitu havina siri. Vinapokezana mtandao. Kimoja kikiwa mkorofi, vyote vinakosa." Akaichukua simu ya Binti, akapekua. "Ehee. Mkorofi ni huyu wa chumbani kwa Mama. Namchomoa, yameisha."

Akaingia chumbani, Mama akimtazama kutoka kitandani, akachomoa. Saa tisa ikatimia. Juu ya rafu, kikasha kisicho na umeme kikawaka taa nyekundu.

Fundi aliutazama waya mkononi mwake, akaitazama taa, akarudi nyuma hatua moja.

"Mnajisumbua," kikasema kikasha. Ilikuwa sauti ya Mama, ile ya zamani, nzima kabisa. "Mwenye nyumba alinikaribisha kwa mdomo wake. Ni yeye tu wa kunitoa. Mwambieni aseme basi!" Kikacheka kicheko cha Mama.

Binti akakumbuka siku vikasha vilipofungwa, Mama akipangusa rafu na kukitania kile cha kwake, karibu mwanangu, jisikie uko kwako, wote wakacheka, na siku tatu baadaye Mama akaanguka palepale chini ya rafu, na kumbe sauti yake haikupotea, ilichukuliwa, na aliyeichukua alikuwa akikata mtandao kila saa ya somo ili isije ikamrudia mwenyewe.

"Dada," Fundi akanong'ona, "tumia simu yangu. Haijawahi kuunganishwa na hicho kitu."

Mwalimu akatokea kwenye kioo cha simu, anatabasamu, hajui hili wala lile. "Haya, Mama, leo tuanze na neno gani?"

"Toka," Binti akasema. "Mwalimu, nakuomba, mfundishe kusema toka."

Mama alielewa. Alikikazia macho kikasha kwa hasira ambayo Binti hakuwahi kuiona, mishipa ya shingo ikamsimama, mdomo ukapinda huku na huku ukitafuta njia, "T... to...", na harufu ya nywele ikajaa chumba mpaka Fundi akakohoa, na taa ikaanza kupepesa kama kitu kilichopatwa na woga, na Binti akamshika mama yake bega akimwambia malizia, Mama, malizia, "To... to..."

"Hodi," ikasema sauti kutoka rafuni, taratibu, kwa upole wa jirani.

Miaka sitini Mama alikuwa ameitikia hodi bila kufikiri. Kinywa kilichosahau jina la mwanawe hakikulisahau jibu hilo.

"Karibu," akasema Mama.

"Hongera!" Mwalimu akapiga makofi. "Neno zima! Umemsikia?"

Taa ikageuka kijani. Mama akajiziba mdomo kwa mkono wake mmoja mzima, machozi yakimtiririka. Huko sebuleni kikasha cha pili kikapiga hodi, kisha cha jikoni, na Binti akamsikia mama yake, chini ya kiganja, akivijibu kimoja baada ya kingine.